Mpishi wa Merka

Ukishuka pwani ya Banadiri kutoka Mogadishu kuelekea kusini, utapita Merka kabla ya kufika Barawa, mji ambao wenyeji wake wa asili husema Chimwini. Mtu wa Lamu akitega sikio vizuri huifahamu lugha hiyo bila mkalimani. Naanza na jiografia kwa sababu vitabu vya tiba huandika kwamba ndui iliishia Pembe ya Afrika, msomaji akadhani ni jangwani huko mbali kusikomhusu. Iliishia kwa jirani zetu. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui nje ya maabara alikuwa mpishi wa hospitali ya Merka, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23. Upele ulimtoka tarehe 26 Oktoba 1977.

Wakati huo mimi nilikuwa bwana afya mchanga, chuo nimekimaliza juzi, nimepangiwa kazi Garissa. Kwetu Langoni walinicheka: mtoto wa Lamu aliyezoea samaki na nazi anakwenda kunywa maziwa ya ngamia! Lakini yale niliyoyaona mpakani ndiyo yaliyonitosha kazi nzima. Kipindupindu, surua na polio vilinikuta baadaye, na kila mara nilirudi kwenye akili ile ile ya ndui. Tangu korona vijana wananiuliza nchi hufanya nini hata mlipuko ukazimika. Huwasimulia ndui, maana katika maradhi yote ya binadamu ni ugonjwa huo peke yake tuliofanikiwa kuufuta duniani.

Wazee wetu waliijua kwa kuitazama usoni. Nilipokuwa mdogo, watu wenye nyuso zilizotobokatoboka walikuwa wengi barazani, na kila mtaa ulikuwa na kipofu mmoja au wawili ambao macho yao yalikwenda na ugonjwa huo. Biashara ya bara ilikuwa imeusambaza kwa karne nzima. Richard Burton, aliyeishika njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji mwaka 1857, aliandika juu ya wapagazi walioanguka kwa ndui na maiti zao zikaachwa kando ya njia. Ndui haikuhitaji zaidi ya msafara: mamia ya watu wamechoka, wana njaa, wanalala wamebanana, na keshokutwa wako mji mwingine. Njaa nayo ilikuwa na kazi ile ile. Mwaka 1898 na 1899 mvua zilipokosekana Ukambani na Ugikuyu, watu walikusanyika popote penye tetesi ya chakula, na ndui ikakusanyika pamoja nao.

Wasidhani wasomaji kwamba watu walikaa tu wakisubiri kufa. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mgonjwa alijengewa kibanda pembeni ya makazi, akapelekewa chakula na mtu aliyekwisha kuugua akapona, kwa kuwa ilijulikana kwamba ndui haimrudii mtu. Huo ndio msingi wa karantini, na hakuna daktari wa Kizungu aliyeuleta. Serikali za kikoloni zilileta chanjo, lakini chanjo yenyewe ilikuwa ya maji, na ikipigwa na joto la siku chache haina kazi tena. Ilitoka bandarini ikiwa dawa, ikafika bara ikiwa maji matupu. Mtu akachanjwa, akaugua, na kijiji kizima kikapata sababu ya kuwakimbia wachanjaji.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Miaka ya 1950 Leslie Collier, wa taasisi ya Lister huko Uingereza, alipata njia ya kuikausha chanjo kwa ubaridi ikawa unga unaostahimili joto kwa miezi. Halafu miaka ya 1960 ikaja sindano fupi yenye ncha mbili, ambayo Benjamin Rubin aliibuni Marekani. Unaichovya kwenye chanjo, tone moja linanasa baina ya zile ncha, unamdungadunga mtu mara 15 mkononi upesi upesi, basi. Sindano ikishatumika unaichemsha na kuitumia tena. Kijana asiyejua kusoma aliweza kufundishwa kazi hiyo asubuhi na alasiri akaifanya barabara. Ninayo bado moja sandukuni, na wajukuu hawaamini kwamba kitu kidogo hivyo kiliushinda ugonjwa ambao, Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni kali mwaka 1967, ulikuwa ukikadiriwa kuua watu milioni 2 kwa mwaka.

Hata hivyo sindano peke yake isingetosha. Mpango wa kwanza ulikuwa kuchanja watu 80 katika kila 100, kila nchi, na kungoja ugonjwa ufe wenyewe. Katika nchi zenye msongamano ilionekana kwamba wale 20 waliobaki wanatosha kuuweka hai. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege alijikuta ana wagonjwa lakini chanjo ni chache, haitoshi hata kuanza kuchanja umma. Akawaomba wamisionari wenye redio za upepo waulize kila kijiji kama kuna mwenye ndui. Walipojua ugonjwa ulipo, wakachanja jamaa na jirani wa kila mgonjwa, na vijiji ambavyo watu wake hukutana naye sokoni. Mlipuko ukakatika ilhali watu wengi wa jimbo hawajachanjwa. Ndui ilikuwa na udhaifu ulioiruhusu hila hiyo. Haina mnyama wa kujifichia, upele wake unaonekana na kila mwenye macho, na mtu aliyekaribiana na mgonjwa akichanjwa ndani ya siku tatu nne za mwanzo, kwa kawaida hafi.

Tangu hapo kazi ikawa kutafuta, na kutafuta kunaanza kwa mtu kukubali kusema. Tanzania ilipata wagonjwa wake wa mwisho mwaka 1970. Kwa miaka michache iliyofuata dunia ilihamisha macho yake Bara Hindi, kisha Ethiopia, ambako mgonjwa wa mwisho alionekana Agosti 1976 katika jangwa la Ogaden. Huko Geneva watu walikaribia kusherehekea. Muda si muda ikajulikana kwamba Mogadishu kuna ndui.

Ndui hiyo ilikuwa imefichwa. Wakubwa wa Somalia waliona haya kuwa nchi ya mwisho yenye ugonjwa ambao hata maskini wenzao wameshaumaliza, basi wagonjwa wakahesabiwa kimyakimya na wengine hawakuhesabiwa kabisa. Wataalamu wa nje walipouliza walijibiwa kwamba hali ni shwari. Ugonjwa nao haukungoja ruhusa. Ulitoka mjini ukaingia kwa wafugaji wa kusini, na mwaka 1977 Somalia ikaandikisha wagonjwa 3,229. Mwanzoni mwa mwaka huo huo ulivuka mpaka ukatugusa Kenya, wagonjwa 5. Watano ni wachache, lakini muulize yeyote aliyekuwa katika idara ya afya Nairobi wakati huo kama alilala usingizi.

Ndui ya Somalia ilikuwa ya aina nyepesi, iliyoua pengine mtu mmoja kati ya mia, tofauti na ile kali iliyomaliza theluthi ya waliougua. Wengine husema hiyo ilikuwa bahati. Mimi nasema ilikuwa shida juu ya shida. Mwenye ndui kali hulala kitandani, hamfikii mtu. Mwenye ndui nyepesi huswaga ngamia wake. Leo yuko kisimani, kesho sokoni, na familia yake imehama kufuata mvua kabla hujapata jina la mahali walipolala. Julai mwaka huo vita vya Ogaden vikapamba moto, watu wakasogea huku na huko kwa wingi zaidi. Na Hija ilikuwa Novemba. Waislamu wa nchi zote wangekutana Makka, na mahujaji wa Somalia wakiwemo. Mgonjwa mmoja tu asiyejulikana kati yao angetosha kuirudisha kazi ya miaka kumi nyuma.

Serikali ya Somalia ilipogeuka na kusema wazi, katikati ya 1977, ndipo mambo yalipoanza kwenda. Ikaomba msaada, magari yakaletwa kwa ndege, vijana kwa maelfu wakaajiriwa kutafuta kambi hadi kambi. Wenzetu waliofanya kazi ng'ambo ya mpaka walitusimulia jinsi kambi za kutengea wagonjwa zilivyopangwa. Zilizungushiwa boma la miba karibu na watu wao, zikawa na mlinzi, zikawa na chakula kwa mgonjwa na kwa waliobaki naye. Usipuuze hicho chakula. Mfugaji akitengwa wiki nne hadi vigaga vyote vidondoke, nani atamkamulia ngamia? Usipolijibu swali hilo kwa kilo za mchele, atakujibu yeye usiku kwa miguu yake.

Sasa turudi kwa mpishi. Tarehe 12 Oktoba gari lilitoka upande wa Kurtunwarey likiwa na watoto wawili wenye ndui, likasimama hospitali ya Merka kuuliza njia. Maalin akapanda awaonyeshe. Safari ilikuwa ya dakika chache. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alifariki baadaye. Maalin hakuwa amechanjwa ipasavyo, ingawa ni mfanyakazi wa hospitali na aliwahi hata kufanya kibarua katika kampeni hiyo hiyo ya ndui. Miaka mingi baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa uchungu wa sindano. Siku kumi baada ya safari ile akapata homa, hospitalini wakasema malaria. Upele ulipotoka wakasema tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Yaani mtu aliugua ndui ndani ya hospitali, katika mji uliojaa watu wanaowinda ndui mchana na usiku, na ndui ikapita mlangoni.

Aliyemfichua ni muuguzi wa hospitali ile ile, aliyetoa habari tarehe 30 Oktoba. Kulikuwa na zawadi ya shilingi 200 za Kisomali kwa atakayemfichua mgonjwa. Nimewasikia watu wakilaumu kwamba alimuuza rafiki kwa fedha. Mimi ningempa medali. Kuanzia hapo Merka ilifungwa kama inavyopasa. Hospitali haikupokea mgonjwa mpya, waliokuwemo hawakutoka, na wafanyakazi wote walichanjwa. Wakatafutwa waliokaribiana na Maalin, na alikuwa kijana mwenye marafiki wengi kweli kweli: wakapatikana 161, na 41 kati yao hawakuwa wamechanjwa. Polisi walisimama kwenye barabara na vijia vya kuingia mjini, anayepita anachanjwa. Katika wiki mbili watu 54,777 walichanjwa ndani ya mji na kandokando yake. Hakuna aliyeugua kutoka kwa Maalin. Hata mmoja.

Kwetu ng'ambo hii ndipo kazi ilipoanza, kwa maana mwisho wa ugonjwa hauwezi kutangazwa siku ile mgonjwa wa mwisho anapopona. Kanuni ilikuwa kutafuta miaka miwili kamili bila kuona kitu. Fikiria kazi hiyo: unaamka alfajiri kwenda kutafuta kitu ambacho mafanikio yako ni kutokukiona. Tulipewa kadi yenye picha ya mtoto aliyejaa malengelenge usoni na mikononi. Tulifika kisimani, tukaomba ruhusa kwa mzee wa kisima, tukakaa kivulini, tukaipitisha kadi mkono kwa mkono. Maswali yalikuwa yale yale. Mmemwona aliye hivi? Lini? Wamehamia wapi? Shuleni tuliwapanga watoto tukawatazama nyuso, tukitafuta kovu jipya kwa mtoto aliyezaliwa baada ya ugonjwa kusemekana umekwisha.

Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeripoti mgonjwa wa kweli wa ndui. Kwa fedha za Kenya wakati huo ilikuwa zaidi ya shilingi 7,000, mali ya kununulia mifugo. Mabango yalibandikwa madukani na kwa machifu. Taarifa zikamiminika, na zote zilikuwa tetekuwanga, surua, upele wa kawaida, hata kuumwa na wadudu. Tukajifunza kutofautisha kwa macho. Tetekuwanga hupenda kifua na mgongo, na malengelenge yake hayalingani, haya mapya na yale yameshakauka. Ndui hujaa usoni, mikononi na miguuni, mpaka viganja na nyayo, na yote hukomaa pamoja.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa Ijara, mjukuu wake amempandisha punda, uso wa mtoto umefunikwa kwa kitambaa ili watu wasimshangae. Mkubwa wangu wa kazi, mtu mkali ambaye kwa makaratasi hakuwa na simile, alimfunua mtoto, akamtazama viganja, nyayo na mgongo, akajua mara moja kwamba ni tetekuwanga. Nilitazamia atamwambia mzee aende zake. Badala yake alimkalisha kitini, akaagiza chai, akamshukuru mbele ya watu kwa kuja mbali hivyo, akatoa sampuli ya kigaga kwa adabu zote kana kwamba ni ndui hasa, ipelekwe maabara. Mzee akapewa nauli na kilo za sukari. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba tukimfokea huyu leo, mwenye ndui hatakuja kesho. Sijasikia somo la afya ya umma lililo fupi kuliko hilo, na nimehudhuria semina nyingi zenye chakula kizuri.

Tarehe 26 Oktoba 1979, miaka miwili kamili tangu upele wa Maalin, ikatangazwa Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina ndui tena. Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukathibitisha kwa dunia nzima. Kabla ya hapo kulikuwa na aibu moja. Mwaka 1978 virusi vya maabara ya chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, vilimwambukiza mpiga picha aliyefanya kazi kwenye jengo hilo, akafa. Kwa hiyo ndui ilimwua mtu wa mwisho Ulaya, jambo ambalo hatulisikii sana. Kampeni nzima tangu 1967 iligharimu takriban dola milioni 300. Kwa hesabu za serikali hizo ni fedha za barabara chache.

Nimeyataja haya yote kwa sababu naona tunasahau ni nini hasa kilichofanya kazi. Watu wanapenda habari ya chanjo, maana chanjo huletwa kwa ndege na waziri hupiga picha nayo. Ila chanjo ilikuwepo Merka tangu mwanzo, nayo ilimpita mpishi. Kilichookoa mji ni shilingi 200, muuguzi mmoja, na serikali iliyokuwa imekwisha kuacha kuficha. Familia huficha mgonjwa kwa kuogopa atapelekwa pasipojulikana. Serikali huficha idadi kwa kuogopa watalii na wawekezaji watakimbia. Hofu zote mbili zina haki yake, na zote mbili huponywa kwa kuhakikisha kwamba anayesema ukweli hapati hasara.

Majirani zetu wa Tanzania wametuonyesha sura zote mbili kwa miaka michache tu, nami nasema hili kwa heshima, maana nina ndugu Tanga. Mei 2020 takwimu za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509, zisiendelee tena kwa zaidi ya mwaka, wananchi wakabaki wakihesabu misiba wenyewe. Machi 2023 homa ya Marburg ilipoonekana Bukoba Vijijini, serikali ilitangaza mara moja. Zaidi ya watu 200 walifuatiliwa siku 21 kila mmoja, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa umekwisha, wagonjwa 9, waliofariki 6. Januari 2025 Marburg ikarudi mkoa ule ule wa Kagera, wilaya ya Biharamulo. Safari hii jibu la kwanza la wizara lilikuwa kwamba sampuli hazina kitu, na siku chache baadaye Rais mwenyewe akathibitisha kwamba ugonjwa upo. Mlipuko huo uliisha Machi, wagonjwa 10, na wote kumi walifariki. Siwezi kudai kwamba zile siku chache ndizo zilizowaua. Wengi wao walikuwa wameshakufa. Lakini nchi iliyofanya vizuri hivyo mwaka 2023 haikuwa na sababu ya kusitasita.

Maalin alipona, na baadaye alijitolea katika kampeni ya polio Somalia. Aliwaambia wazazi waliokataa chanjo habari yake mwenyewe, kwamba aliogopa sindano na nini kilimpata. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alikuwa kazini. Alifariki Julai mwaka huo kwa malaria, huko huko Merka.

Nchi yetu ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwezi Septemba 2023, na posho yao hutegemea serikali kuu na kaunti pia. Hao ndio watakaogonga mlango, watakaouliza nani anaumwa, watakaomtambua mgonjwa wa kwanza kabla hospitali haijamwita malaria. Enyi wawakilishi wa wadi mnaopitisha bajeti, walipeni kila mwezi, kwa wakati, hata mwezi ambao hakuna ugonjwa wowote.